Samaki Mdogo Hana Kosa

Mjini Likasi kuna hoja isiyopata mpinzani: samaki wa ziwa Tshangalele wamepungua kwa sababu wavuvi wa Kapolowe wanavua watoto. Utaisikia ofisini, utaisikia nje ya kanisa baada ya misa, na utaisikia zaidi kwetu sisi wavuvi wa ndoano, tunaopakia fito na chambo garini Jumamosi kwenda kujiburudisha ukingoni. Dawa nayo kila mtu anayo mdomoni. Nyavu za matundu madogo zichomwe moto. Anayekamatwa na samaki wa kiganja atozwe faini. Mwenye ndoano akipata mdogo amrudishe majini, achukue mkubwa aende zake. Mazungumzo yakikolea, huongezwa na hili: serikali ilete vifaranga vimwagwe ziwani, na baada ya miaka miwili tutakula tilapia hadi tuchoke.

Maneno haya yana sura ya huruma na ya busara, ndiyo maana hayaulizwi maswali. Nani atapinga mtoto kuachwa akue? Mimi napinga. Sisemi kwamba uvuvi hauwezi kumaliza samaki; unaweza, na si mbali na hapa umewahi kufanya hivyo. Ninachopinga ni kanuni inayomlinda samaki asiyehitaji sana ulinzi, ikamtoa kafara yule ambaye kizazi kizima kinamtegemea, kisha ikatuhamisha macho kutoka kwenye jambo linaloamua zaidi kuliko wavu wowote, nalo ni maji yenyewe.

Kanuni hii ina asili yake. Mwaka 1957 Waingereza wawili, Ray Beverton na Sidney Holt, walichapisha kitabu kinene cha hesabu za samaki wanaovuliwa. Samaki waliowashughulisha walikuwa wa Bahari ya Kaskazini, hasa samaki bapa aitwaye plaice, ambaye huchukua miaka kadhaa kabla ya kuanza kutaga. Kwa samaki wa namna hiyo hesabu inakubali: ukimvua mapema mno, unapoteza kilo ambazo angeziongeza akiachwa. Panua tundu la wavu, mtoto apite, umkute baadaye akiwa amenenepa. Walioisoma hesabu hiyo kwa haraka wakaichukua kama amri ya kila maji. Ikasafiri hadi kwenye maziwa na mabwawa ya Afrika yenye samaki wa aina chungu nzima, wengine wakizeeka bila kupita urefu wa kidole, ikakaa huko kama sheria moja ya tundu moja.

Na wazo lenyewe lilikuwa limeshajaribiwa Afrika Mashariki hata kabla ya kitabu hicho. Mwaka 1927 na 1928 Mwingereza mwingine, Michael Graham, alizunguka Ziwa Victoria akichunguza ngege, samaki aliyependwa kuliko wote wakati huo. Alikuta kwamba penye nyavu nyingi za kutega, kila wavu ulikuwa ukileta samaki wachache kuliko zamani. Akashauri nyavu zenye tundu chini ya inchi 5 zipigwe marufuku, na katika miaka ya 1930 ushauri ukawa sheria. Sheria ikakaa zaidi ya miaka ishirini. Nyavu za inchi 5 zikaongezeka mwaka baada ya mwaka, na ngege kwa kila wavu wakazidi kupungua, kihalali kabisa. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1950 sheria ikaanza kulegezwa, wavuvi wakahamia matundu madogo, ngege akamalizika. Wapo wanaosema: mnaona, kuondoa sheria ndiko kulikomuua. Nakubali kwamba kulimmalizia. Lakini alikuwa tayari mgonjwa, na aliugua chini ya sheria hiyo hiyo, kwa kuwa ilihesabu upana wa tundu bila kuhesabu nyavu zenyewe ni ngapi.

Sasa tuje kwa samaki wetu. Anayeuzwa sana Kapolowe, kwa wasafiri wa barabara ya Lubumbashi na Likasi, ni tilapia. Siku moja mama muuzaji aliinua jike kutoka kwenye beseni akamminya taya kwa kidole gumba. Zikatoka kinywani punje ndogo kama za ulezi, kila moja na macho yake mawili meusi, zikatawanyika majini. “Ni batoto yake, papa,” akaniambia kwa Kiswahili chetu cha Katanga, “anababebaka mu kinywa.” Ndivyo ilivyo. Dume huchimba kiota mahali penye maji mafupi, jike hutaga hapo, kisha huyaokota mayai na kuyaatamia kinywani. Vifaranga wakishatotolewa hukaa humo kwa siku kadhaa, wakitoka na kurudi kila hatari inapotokea. Muda wote huo mama hali, au anakula kidogo sana. Kwa mzao mmoja hubeba mamia ya watoto, si maelfu kwa maelfu, lakini wengi wao huvuka zile siku za kwanza ambazo kwa samaki wengine ni za mauti. Na baada ya wiki chache anaweza kuanza upya.

Samaki wa namna hii mara chache hukosa watoto. Tatizo lake la kawaida ni kinyume chake, na Katanga ililijua mapema kuliko sehemu nyingi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Wabelgiji walifanya utafiti wa ufugaji wa samaki katika kituo cha Kipopo, karibu na Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, wakitumia tilapia wa huku huku. Mabwawa yakachimbwa sehemu nyingi za Kongo. Miezi michache baadaye wenye mabwawa wengi walikuta jambo moja: bwawa limejaa samaki, na samaki wote ni wa kiganja. Chakula kilikuwa kile kile na vinywa vimeongezeka, kwa hiyo walikuwa wameacha kukua na kuanza kuzaa wakiwa bado wadogo, na watoto wao nao hivyo hivyo. Mabwawa mengi yalitelekezwa kwa sababu hiyo. Mfugaji wa leo anajua dawa: fuga madume peke yao, au weka kambale awapunguze, au chota wadogo mara kwa mara uwale. Ziwa si bwawa, najua. Ziwani wapo kambale na samaki wengine walao wenzao, na ndege, na mamba. Lakini hilo linaiongezea nguvu hoja yangu. Watoto wengi wa ziwani wataliwa kabla ya kukua, wavu uwepo usiwepo. Mvuvi wa samaki wadogo kwa sehemu kubwa anagawana na kambale.

Halafu kuna kosa la macho. Tunapoona beseni la samaki wadogo tunasema hawa ni watoto, na mara nyingi hawajawahi kuwa watoto wa mtu yeyote mkubwa. Ndagala tunaoletewa kutoka Kalemie na Moba ni watu wazima. Chisense wa ziwa Mweru, anayevuliwa usiku kwa taa na kuanikwa mchangani, ni mtu mzima pia, na maisha yake ni mafupi mno kiasi kwamba ukimwacha leo ili akue, mwakani humkuti. Ziwa Victoria, ambako sangara alipata sifa na viwanda, katika miaka ya karibuni zaidi ya nusu ya uzito wa samaki wote wanaovuliwa ni dagaa. Ukitunga sheria ya tundu kubwa ukaitekeleza kweli kweli, hao wote unawaacha wafe kwa uzee na kuliwa na wenzao, kisha unakwenda kununua samaki wa barafu aitwaye Thomson, aliyesafirishwa kutoka Atlantiki. Mlo wa bukari, ugali wetu, na ndagala wanaoliwa na mifupa yao, kichwa hadi mkia, unampa mtoto chokaa na vitamini ambavyo kipande cha samaki mkubwa hakina. Kwa watu wa Kikula na Panda, mitaa ya mji wetu, hilo si jambo dogo.

Ushahidi ulio karibu nasi kuliko wote uko ng’ambo ya mpaka, kwenye vinamasi vya Bangweulu, Zambia. Mwaka 2003 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilichapisha uchunguzi wa maziwa kadhaa ya kusini mwa Afrika, yakiwemo Mweru na Bangweulu, uliofanywa na Jeppe Kolding, Paul van Zwieten na wenzao. Huko Bangweulu wavuvi hutumia kila kitu: nyavu za kutega, kokoro, mitego ya uzio, ndoano, na ile mbinu ya kupiga maji ili samaki wakimbilie wavuni, ambayo wenyewe huiita kutumpula. Nyingi ya zana hizo zimekatazwa na sheria. Watafiti walipopima kila zana inaleta samaki gani na wa ukubwa gani, walikuta kwamba zote kwa pamoja zilikuwa zikichota kidogo kidogo kutoka kila ngazi, wadogo kwa wakubwa, walao majani kwa walao nyama, karibu sawasawa na jinsi maji yanavyowazalisha. Uvuvi ulikuwa mkubwa na jamii ya samaki ilikuwa bado na umbo lake. Kama wangetii sheria wote, wangehamia kwa pamoja kwenye nyavu za tundu kubwa, na mzigo mzima ungewaangukia samaki wakubwa wa aina chache.

Nisieleweke vibaya kuhusu chandarua cha mbu kinachogeuzwa kuwa wavu. Kuburuta chandarua kwenye maji mafupi penye viota vya tilapia ni uharibifu, na chandarua chenye dawa ya mbu ni sumu kwa samaki, maana dawa za jamii hiyo huua samaki kwa kiasi kidogo sana. Sitetei pia ububa, ile mimea inayopondwa na kumwagwa mtoni ili kila kitu kielee. Zana hizo zinastahili kukatazwa kwa madhara yake halisi, na hakuna haja ya kuzifungia katika kundi moja na wavu mdogo wa chisense au ndoano ya mtoto wa shule anayevua visamaki vya kitoweo.

Nirudi kwa mkubwa, yule tunayeambiwa tumchukue. Mwaka 2018 watafiti walikusanya takwimu za samaki wa baharini wa aina 342 wakakuta kwamba kwa wengi wao uwezo wa kuzaa unakua haraka kuliko mwili. Mfano wao ni chewa wa Atlantiki: jike mmoja wa kilo 30 hutaga mayai sawa na majike 28 wa kilo 2, ingawa hao 28 kwa pamoja wana uzito wa kilo 56. Tilapia, kwa kuwa anabeba kinywani, hafikii tofauti hiyo. Kinywa kina mwisho wake. Lakini kambale wa mto Lufira, anayemwaga mayai yake majanini mafuriko yanapoanza, yumo katika hesabu ya namna hiyo, na ndiye mkubwa anayepigwa picha zaidi na wenzangu.

Kuna pia jambo la urithi. David Conover na Stephan Munch walifuga visamaki vya pwani ya Marekani katika matangi na kuwavua kwa kanuni mbili, tangi hili wakiondoa wakubwa, lile wakiondoa wadogo. Baada ya vizazi vinne tu, samaki wa kundi lililokuwa likipoteza wadogo walikuwa na uzito unaokaribia mara mbili ya wale waliokuwa wakipoteza wakubwa. Matokeo yakachapishwa mwaka 2002. Ukiondoa wakubwa kila msimu, wanaobaki kuzaa ni wale wanaokua polepole na kupevuka mapema. Baadaye tunakaa ukingoni tukilalamika kwamba siku hizi hakuna samaki wa maana.

Wasimamizi wa Ziwa Victoria walifika hapo kwa njia yao. Kwa sangara viliwekwa vipimo viwili badala ya kimoja: viwanda vipokee samaki wa kati ya sentimita 50 na 85. Aliye chini ya 50 hajazaa bado. Aliye juu ya 85 kwa kawaida ni jike, na ni mzazi mkuu. Utekelezaji ulikuwa na vita vyake, boti zilichomwa na watu wakafungwa, na siutaji kama mfano wa amani. Nautaja kwa sababu unaonyesha kwamba mahali palipokuwa na fedha nyingi na wataalamu wengi, mkubwa aliandikiwa ulinzi kwenye karatasi sawa na mdogo.

Nilisema uvuvi umewahi kumaliza samaki karibu na hapa. Ni mpumbu wa mto Luapula. Samaki huyu alikuwa akipanda mto kwa makundi makubwa wakati wa mvua kwenda kutaga, na migodi ya Katanga ilikuwa na wafanyakazi wengi wa kulishwa. Huko Kasenga, ukingoni mwa mto huo, wakakaa wafanyabiashara Wagiriki na barafu zao na malori yao, samaki akawa anafika Elisabethville kabla hajaharibika. Katika miaka ya 1940 mpumbu walivuliwa kwa nyavu wakiwa njiani, matumbo yamejaa mayai. Ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1950 uvuvi ule ulikuwa umeanguka, na haukurudi tena katika ukubwa wake. Tazama nani aliyevuliwa: mzazi aliyepevuka, wa ukubwa unaokubalika na kila sheria ya tundu, akakamatwa mlangoni pa uzazi kwa sababu wakati huo wako wengi na wako pamoja. Sheria ya kumwacha mdogo isingemwokoa hata mmoja.

Kwa hiyo wenzangu wa ndoano, tunaponyoosha kidole kwa wavuvi wa mitumbwi, tujiangalie na sisi. Mchezo wetu kote duniani umejengwa juu ya kumtafuta mkubwa kuliko wote. Kongo inajulikana kwa wavuvi wa starehe wa nje kwa samaki mmoja, mbenga mwenye meno ya kutisha, na rekodi yake ya kimataifa ya kilo 44 iliwekwa hapa nchini, wakati huo Zaire, mwaka 1988. Sina ugomvi na fahari hiyo. Lakini mtu akimbeba kambale wa kilo nyingi hadi Likasi, akampiga picha mbele ya gari, kisha akamlaumu kijana wa Kapolowe mwenye beseni la visamaki, hesabu yake imepinduka.

Kumrudisha majini kunasaidia, kwa masharti. Mapitio ya makadirio 274 ya vifo, yaliyotolewa mwaka 2005, yalikuta kwamba kwa wastani samaki 18 kati ya 100 wanaoachiwa hufa baadaye. Wanaokufa zaidi ni waliomeza ndoano hadi ndani, na waliovuliwa katika maji ya moto. Oktoba yetu ni ya moto, na maji mafupi ya Tshangalele mchana hubaki na hewa kidogo. Anayetaka kumwachia mzazi, basi abane kijino cha ndoano kwa koleo, alowanishe mikono, amfungue akiwa bado majini, na picha iwe ya haraka au isiwepo. Kumvuta hadi anyong’onyee, kumlaza kwenye majani, kumshika kwa matambara na kumrusha tena ziwani ni maonyesho tu. Na yule wa kiganja aliyemeza ndoano, mle. Kumrudisha akiwa anatoka damu matamvuani ni kumpa tai wa samaki kiamsha kinywa.

Kuhusu vifaranga vya serikali sitakawia. Ziwa lenye tilapia wanaozaa lina vifaranga wengi kuliko lori lolote linavyoweza kuleta. Lisilo na tilapia wanaozaa lina sababu, na vifaranga wapya watakutana na sababu hiyo hiyo. Upandikizaji ulifaulu pale ambapo palikuwa na nafasi tupu, kama Ziwa Kivu, ambako Wabelgiji walipeleka ndagala wa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa kuwa maji ya katikati hayakuwa na samaki wa kula vijidudu vyake. Kwetu hatari ni kubwa kuliko faida. Vifaranga vinavyopatikana kirahisi leo kwa wafugaji ni vya tilapia wa Nile, anayekua haraka. Huyu alitoroka kwenye mashamba ya bonde la Kafue na kuchanganya damu na ndugu zake wa huko. Tilapia wetu wa asili, Oreochromis macrochir, ameorodheshwa kimataifa kuwa hatarini, na sababu kuu iliyotajwa ni mgeni huyo. Kumwaga vifaranga vya Nile Tshangalele mbele ya kamera itakuwa sherehe ya kumfuta samaki wetu kwa jina la kumsaidia.

Tuingie kwenye maji sasa. Ziwa Tshangalele halikuwepo kabla ya bwawa la Mwadingusha, lililojengwa kwenye maporomoko ya Lufira ili kuipa kampuni ya migodi ya Union Minière umeme. Kituo kilianza kazi mwaka 1930. Ni ziwa pana lenye kina kifupi, sehemu kubwa mita chache tu. Katika ziwa la namna hiyo, maji yakishuka kidogo ukingo husogea mbali, na eneo la majani lililokuwa kitalu cha vifaranga hugeuka tope lililopasuka. Wanasayansi wa mito ya mafuriko wamelieleza hili kwa miaka mingi: mwaka wa maji mengi hutoa samaki wengi mwaka mmoja au miwili baadaye, na mwaka wa ukame hukata. Uchunguzi wa 2003 niliokwisha kuutaja ulikuta kwamba katika maziwa yale, kupanda na kushuka kwa maji kulieleza mabadiliko ya samaki zaidi kuliko idadi ya wavuvi ilivyoweza. Hapa kwetu maji hayapandishwi na mvua peke yake. Mkono wa mwanadamu uko kwenye malango ya bwawa. Kituo cha Mwadingusha kimekarabatiwa na tangu 2021 kina uwezo wa kutoa megawati 78, umeme ambao migodi inauhitaji usiku na mchana. Kiota cha tilapia kiko kwenye maji yanayofika magotini. Maji yakivutwa ghafla wakati wa kutaga, viota vinabaki nchi kavu, na wavu wa mtu yeyote hauhusiki.

Jambo la pili ni mto Panda. Viwanda vya Shituru vimetoa shaba na kobalti tangu enzi Likasi ilipoitwa Jadotville, na maji yake machafu hushuka Panda, yakaingia Lufira, na Lufira huingia ziwani. Mwaka 2010 watafiti wa Katanga na Ubelgiji walichapisha vipimo vya bonde la Lufira ya juu: shaba, kobalti, zinki, risasi, kadimiamu na nyinginezo zilionekana kwenye tope, kwenye mimea na kwenye samaki. Mwaka 2016 kundi jingine lilichapisha vipimo vya samaki wa Tshangalele na kuonya juu ya afya ya wanaowala. Shaba kwa samaki ni sumu ya matamvua, na kifaranga huathirika kwa kiasi ambacho mzazi wake angekistahimili. Majirani zetu wa Zambia walionyeshwa jambo hili kwa siku chache tu: Februari 2025, karibu na Chambishi, ukuta wa bwawa la mabaki ya mgodi ulibomoka, maji ya tindikali yaliyokadiriwa mwanzoni kuwa lita milioni 50 yakaingia kwenye vijito vya Kafue, samaki wakaelea kwa kilomita nyingi. Ya kwetu hayaji kwa kishindo, huja kidogo kidogo kila siku, kwa hiyo hakuna picha ya kuwaonyesha mawaziri. Picha iliyopo ni ya wavu wa kijana wa Kapolowe ukiteketezwa.

Nakumbushwa hapa kwamba bonde la Lufira liliingizwa mwaka 2017 katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, zaidi ya hekta milioni 4. Heshima kubwa, ambayo haijapunguza hata ndoo moja ya yale yanayopita Panda.

Limebaki suala la kufunga uvuvi. Zambia hufunga maji yake mengi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, na mkoa wetu nao hutangaza kufunga wakati wa mvua. Kwa tilapia, anayezaa mara kadhaa kwa mwaka, miezi mitatu ya kumzuia kila mtu kila mahali inamnufaisha kidogo na kumnyima mvuvi riziki wakati shamba bado halijatoa kitu. Kwa kambale na wenzake wanaopanda vijito mvua za kwanza zikijaza mbuga, ni suala la uhai, kama lilivyokuwa kwa mpumbu. Basi zifungwe midomo ya vijito na mbuga zinazofurika, kwa wiki zile samaki wanapopita, na katikati ya ziwa paachwe wazi. Wavuvi wa Kapolowe wanaijua midomo hiyo kwa majina na wanajua usiku gani kambale huanza kutembea. Hakuna ofisi ya Lubumbashi inayolijua hilo kuliko wao. Na kama tunataka kuweka kikomo, tuweke kwenye idadi ya nyavu na mitumbwi, jambo gumu kisiasa kuliko kupima tundu kwa rula, lakini ndilo alilolikosa Graham.

Kina cha maji ya ziwa hupimwa tayari pale Mwadingusha, maana mitambo haiwezi kuendeshwa bila kukijua. Namba hizo zibandikwe pia ufukoni Kapolowe kila wiki, kuanzia Septemba tilapia wanapoanza kuchimba viota hadi mafuriko yatulie, na yeyote anayepanga kufungua malango katika miezi hiyo awatangazie wavuvi kabla ya kufungua.